KUSHUSHA GIABOKSI YA PIKAPU NYUMBANI



Somo la mwezi huu si la mbegu wala la dawa ya kupe. Ni somo la chombo kinachobeba mbegu na dawa hiyo, yaani pikapu. Kutoka Kitengela mpaka mji wa Kajiado ni mwendo wa kilometa 50 hivi kwa barabara ya Namanga, lakini wengi wetu hatukai kando ya lami. Tunakaa ndani, mahali ambapo njia ni ya udongo na mawe. Nyanya na vitunguu vya Isinya, maziwa ya asubuhi, majani makavu ya ng'ombe wakati wa kiangazi, mapipa ya maji, na mbuzi wa kupeleka soko la Bissil, vyote hupanda pikapu. Mzigo mzito na njia mbaya huchosha klachi, na klachi ikiisha haiwezi kubadilishwa mpaka giaboksi ishushwe kwanza.

Gereji kubwa zina mashine ya kuliinua gari zima juu, na fundi hufanya kazi akiwa amesimama. Mkulima hana mashine hiyo. Je, aweza kuifanya kazi hii uani kwake? Ndiyo, yawezekana, ikiwa ana jeki, stendi, spana, msaidizi mmoja mwenye nguvu na siku nzima ya nafasi. Lakini katika kazi hii liko jambo moja lililo kubwa kuliko mengine yote, nalo si giaboksi. Ni ardhi ambayo gari limesimama juu yake. Basi tutaanza na ardhi, ndipo tufike kwenye spana.

Somo hili ni la pikapu ya kawaida, ambayo injini yake iko mbele na magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma. Mwenye gari dogo linalovutwa na magurudumu ya mbele, au mwenye giaboksi ya kujibadilisha yenyewe, au mwenye gari la kusukumwa na magurudumu yote manne, afadhali ampelekee fundi. Giaboksi za magari hayo zina mambo mengine, na baadhi yake ni nzito zaidi.

JE, NI LAZIMA KUISHUSHA?

Usishushe giaboksi kwa kubahatisha. Fanya majaribio haya kwanza.

Ikiwa gia zinaingia kwa shida na kupiga kelele, tazama kikopo cha mafuta ya klachi karibu na injini. Huenda mafuta yamepungua, au bomba linavuja. Kama klachi yako ni ya waya, huenda waya umelegea na unahitaji kukazwa tu. Haya yote hutengenezwa bila kushusha kitu.

Ikiwa giaboksi inanguruma, pima oili yake. Fungua kifuniko cha kujazia, kilicho ubavuni, gari likiwa limesimama sawasawa na injini imezimwa. Oili yapasa kufika ukingo wa tundu hilo. Ikiwa imepungua, jaza, kisha usikilize tena.

Lakini ikiwa ukikanyaga petroli injini hupiga kelele nyingi na gari halisogei upesi, hasa kwenye mlima au likiwa na mzigo, na unasikia harufu ya kitu kilichoungua, basi bamba la klachi limekwisha. Hapo hakuna dawa nyingine. Giaboksi lazima ishuke.

ARDHI YETU NA GARI LILILOINULIWA

Pikapu tupu ina uzito wa tani moja na nusu hivi. Fahali mkubwa wa Boran huweza kufika kilo 500 na kupita. Kwa hiyo gari lako ni kama mafahali watatu. Hakuna mfugaji atakayelala chini ya mafahali watatu waliosimamishwa juu ya chuma kimoja chembamba. Basi kwa nini alale chini ya pikapu iliyoshikwa na jeki peke yake?

Jeki ni ya kuinulia tu, si ya kushikilia. Jeki ya mafuta hushikiliwa na sili ndogo ya mpira iliyo ndani yake. Sili hiyo ikichakaa jeki hushuka polepole, na ikipasuka hushuka mara moja bila kukuonya. Jeki ya skrubu haina sili, lakini msingi wake ni mdogo na huinama upesi gari likitikiswa. Na katika kazi ya kushusha giaboksi gari hutikiswa sana, kwa maana utavuta spana kwa nguvu zako zote.

Sasa ongeza habari ya udongo wetu. Sehemu kubwa ya tambarare za Kitengela na Athi ni udongo mweusi wa mfinyanzi, ule ambao wajenzi huuita bleki kotoni. Udongo huu hufura ukipata maji na kupasuka nyufa ukikauka. Wajenzi wanaujua vizuri. Ndiyo sababu huuchimba na kuutoa wote mpaka wafike mahali pagumu kabla ya kuweka msingi wa nyumba. Ikiwa nyumba hupasuka juu yake, sembuse mguu wa stendi? Wakati wa mvua mguu huzama. Wakati wa kiangazi juu huonekana pagumu kama saruji, kumbe chini pana ufa, na ukingo wa ufa huvunjika ukipata uzito.

Basi fuata kanuni hizi:

1. Chagua mahali palipo sawa na pagumu. Sakafu ya saruji nene ndiyo bora. Ikiwa huna, chagua mahali pa murram iliyoshindiliwa. Usifanye kazi hii kwenye mteremko hata kidogo.

2. Usifanye kazi hii juu ya udongo mweusi uliolowa. Ngoja mvua za Machi hadi Mei, au zile za Oktoba hadi Desemba, zipite na ardhi ikauke. Gari kulala wiki tatu ni hasara, lakini hasara hiyo yapimika.

3. Hata ukiwa juu ya ardhi kavu isiyo na saruji, weka ubao mgumu chini ya kila stendi na chini ya jeki. Ubao uwe na upana wa sentimeta 40 kila upande na unene wa sentimeta 5 au zaidi. Uzito ukienea juu ya ubao, mguu hauzami.

4. Usitumie mawe wala matofali ya saruji yenye matundu badala ya stendi. Jiwe hubiringika, na tofali hupasuka ghafula. Kama huna stendi, azima. Kama hukupata pa kuazima, panga magogo mazito ya mraba kwa kupishana, mawili huku na mawili kule, mpaka yafike kwenye chesisi.

5. Usichimbe shimo la kuingilia chini ya gari katika udongo mweusi. Kuta za shimo lisilojengwa huanguka. Tena mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hukusanyika shimoni, na cheche moja huuwasha.

KULIINUA GARI

Weka kabari za mbao mbele na nyuma ya magurudumu kabla ya kuinua. Inua upande mmoja mmoja, na uweke stendi chini ya chesisi, si chini ya bati la sakafu wala chini ya beseni la oili ya injini. Ukiwa na stendi nne, gari zima litakaa sawa. Ukiwa na mbili tu, inua mbele, acha magurudumu ya nyuma chini, vuta breki ya mkono na utie kabari za nguvu.

Kumbuka kwamba kwa pikapu nyingi breki ya mkono hushika magurudumu ya nyuma peke yake. Ukiyainua ya nyuma, breki hiyo haishiki kitu. Na ukiisha kuondoa propela, hata kuliacha gari katika gia hakusaidii, maana giaboksi haiungani tena na magurudumu. Watu wengi hulisahau jambo hili.

Gari likiwa juu ya stendi, lisukume kwa mikono miwili, kwa mbele na kwa ubavu. Likicheza, lishushe uanze upya. Mwisho, laza gurudumu la akiba chini ya chesisi karibu na mahali utakapolala. Gari likianguka, litaangukia gurudumu, nawe utabaki na nafasi ya kupumua.

Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Ni kweli, lakini mvungu wa kitanda hauna tani moja na nusu. Usiingie mvunguni mwa gari peke yako nyumbani. Awepo mtu mzima anayejua kutumia jeki. Watoto, mbuzi na mbwa wafungiwe mbali.

KUFUNGUA, HATUA KWA HATUA

Kwanza, tia giaboksi katika nyutro, kisha toa waya wa betri ulio hasi. Waya wa starta una moto daima, nao ukigusa chuma huleta cheche.

Pili, mwaga oili ya giaboksi. Lakini kabla ya kufungua kifuniko cha chini cha kumwagia, fungua kifuniko cha juu cha kujazia. Ukimwaga oili yote kisha ukakuta cha kujazia kimeshikwa na kutu, gari lako halitakwenda popote, hata kwa fundi. Fungua cha juu kwanza.

Tatu, kutoka ndani ya gari ondoa kifuniko cha mpira na usukani wa gia. Ziba tundu kwa kitambaa safi. Nati moja ikidondoka ndani yaweza kuvunja meno ya gia.

Nne, ondoa propela. Kabla ya kufungua, tia alama ya rangi au ya tindo kwenye vipande viwili vinavyoungana, ili uvirudishe vilevile. Usipofanya hivyo, gari laweza kutetemeka likienda mbio. Kama propela huchomoka kutoka mkia wa giaboksi, funga mkia huo kwa mfuko wa plastiki usivuje oili.

Tano, ondoa silinda ndogo ya klachi iliyo ubavuni mwa giaboksi. Fungua bolti zake tu, usifungue bomba la mafuta. Ining'inize kwa waya kando. Mwambie kila mtu asikanyage pedali ya klachi, kwa sababu pistoni itaruka nje.

Sita, toa starta, waya wa taa za nyuma na waya wa spidi. Funga kila waya kwa kipande cha karatasi chenye jina lake. Leo utakumbuka, lakini klachi mpya ikichelewa kufika wiki moja, utasahau.

Saba, weka jeki chini ya beseni la oili ya injini, na kati yao uweke ubao mpana. Usiinue, gusa tu. Injini hushikiliwa nyuma na giaboksi, na giaboksi ikitoka injini itainama. Ikiinama sana, feni yaweza kugusa rediata na mabomba yaweza kukatika.

Nane, weka jeki ya pili, iliyo na magurudumu, chini ya giaboksi. Ifunge giaboksi juu ya jeki kwa mkanda imara. Sasa fungua chuma kinachokatiza chini ya gari na kuishikilia giaboksi.

Tisa, fungua bolti zinazoshika kichwa cha giaboksi kwenye injini. Bolti hizi si za urefu mmoja. Chukua kipande cha katoni, chora duara, utoboe matundu na kuichomeka kila bolti mahali pake. Acha bolti mbili, moja kila upande, ziwe za mwisho.

KUISHUSHA

Giaboksi ya pikapu huwa na uzito wa kilo 40 au zaidi, karibu mfuko wa saruji. Lakini mfuko wa saruji una pembe za kushika, nayo giaboksi ina oili na huteleza. Usiipokee kwa kifua. Usiipokee kwa magoti. Wako watu wanaojivuna kwamba waliishusha kwa mikono yao peke yao. Hao walikuwa na bahati, na bahati haifundishwi.

Toa bolti mbili za mwisho, kisha uivute giaboksi nyuma moja kwa moja, bila kuipinda. Shafti yake ya mbele imeingia katikati ya klachi. Ukiiacha giaboksi ining'inie juu ya shafti hiyo, bamba la klachi litapindika. Ikikataa kutoka, usiipige nyundo. Tafuta bolti uliyoisahau. Mara nyingi iko juu kabisa, mahali ambapo jicho halifiki. Tumia vidole.

Ikiwa huna jeki ya pili, iko njia nyingine ya zamani. Ondoa kiti, na ulaze boriti ngumu ndani ya gari kutoka kizingiti cha mlango mmoja mpaka cha mlango wa pili. Pitisha mnyororo au kamba nene katika tundu la usukani wa gia, uifunge giaboksi kwa kamba hiyo, na uzungushe kamba juu ya boriti. Msaidizi huachia kamba polepole kutoka ndani, nawe uko kando ukiiongoza giaboksi, wala si chini yake. Ishushe juu ya tairi kuukuu au magunia, kisha uivute nje.

UTAZAME NINI KABLA YA KURUDISHA

Usipulize vumbi la klachi kwa mdomo wala kwa pampu. Bamba za zamani zilikuwa na asbesto, ambayo huharibu mapafu. Futa kwa kitambaa kilicholowa maji.

Legeza bolti za kifuniko cha klachi kidogo kidogo kwa kukingamisha, maana ndani mna springi yenye nguvu. Tazama bamba: ribiti zikiwa karibu na uso wake, limekwisha. Tazama flaiwili: ikiwa na nyufa au madoa ya buluu, mwonyeshe fundi. Zungusha beringi ya kuachia klachi, ikikwaruza, tupa. Tazama pia sili ya oili nyuma ya injini. Sili ni kitu kidogo, lakini ikivuja mwezi ujao utashusha giaboksi yote tena. Ndiyo sababu wenye busara hubadilisha bamba, kifuniko, beringi na sili kwa mara moja.

Unapofunga bamba jipya, liweke katikati barabara kwa kijiti cha klachi au kijiti cha mbao kilichochongwa sawa na shafti. Lisipokuwa katikati, giaboksi haitaingia. Unaporudisha giaboksi, itie katika gia na uzungushe shafti ya nyuma kidogo kidogo mpaka meno yaingiane. Hakikisha kichwa chake kimegusa injini pande zote kabla ya kukaza bolti. Ukiivuta kwa nguvu za bolti, masikio yake yatapasuka, na giaboksi iliyopasuka sikio ni hasara kubwa kuliko klachi.

Mwisho, jaza oili ya aina iliyoandikwa katika kitabu cha gari, mpaka ianze kutiririka katika tundu la kujazia. Oili isiyofaa yaweza kuharibu pete za shaba zilizo ndani.

OILI CHAFU

Usiimwage oili kuukuu juu ya ardhi wala mtoni. Mto Kitengela huingia Mto Athi, nao Athi huenda mpaka baharini karibu na Malindi ukiitwa Sabaki. Watu na mifugo hunywa maji hayo njiani. Usiwapake ng'ombe oili hiyo ukidhani ni dawa ya kupe, wala usiiache wazi pamoja na betri kuukuu. Ng'ombe hupenda kuvilamba vitu hivyo, na risasi iliyo katika betri huwaua. Itie katika mtungi wenye kifuniko na uipeleke gereji au kituo cha petroli kinachopokea oili chafu.

MASWALI YA KUJIPIMA

Kabla ya kushika spana, mkae pamoja na msaidizi wako mjibu maswali haya. Ikiwa swali moja limewashinda, msianze kazi.

1. Jeki na stendi hutofautianaje kazi?
2. Kwa nini udongo mweusi si salama wakati wa mvua, wala wakati wa kiangazi?
3. Propela ikiisha kuondolewa, ni nini kinachozuia gari lisiende?
4. Kifuniko kipi cha oili hufunguliwa kwanza, na kwa sababu gani?
5. Giaboksi ikishuka, mwili wako utakuwa wapi?
6. Gari likianguka sasa hivi, nani yuko nje wa kuliinua?